Mwembe Ulioukuta Kiwanjani

Kiwanja kinachouzwa leo Kigoma, iwe Businde, Buhanda au kando ya barabara ya kwenda Mwandiga, ni nadra kuwa uwanda mtupu. Kilikuwa shamba la mtu, au ua wa nyumba iliyokwisha kuanguka, na bado kuna vitu vimesimama: mwembe mmoja mkubwa, michikichi miwili mitatu, mpera, shina la migomba, mchaichai palipokuwa jiko, na visiki ambavyo mnunuzi havioni kwa kuwa macho yake yanatafuta bikoni. Siku ya kwanza ya ujenzi anaitwa kijana mwenye panga na shoka, anaambiwa asafishe kiwanja. Neno lenyewe limeshatoa hukumu kabla shoka halijainuliwa, maana kinachosafishwa ni uchafu. Nyumba ikishaezekwa na ukuta kupigwa, mwenye nyumba huyo huyo anakwenda kitaluni kununua ukoka, miti ya ashoki, na miche ya mapambo ya jamii ile ile ya mchikichi ambao aliwalipa vijana waukate na kuuchoma.

Nasema tunakosea, na tunakosea kwa gharama kubwa. Bustani ya nyumba mpya inapaswa kuanza na kilichokutwa, kisha ndipo ramani, fundi na kitalu vifuate. Mti uliokwisha kushika ardhi umelipiwa kwa miaka, na miaka haiuzwi kitaluni. Mwembe uliopandwa kwa kokwa huchukua miaka mitano hadi minane kabla ya kuzaa, na uliobebeshwa hutaka mitatu au minne. Lakini kuzaa ni jambo moja, na kutoa kivuli kinachofunika baraza na nusu ya ua ni jambo jingine, linalohitaji muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma na kuoa. Wazee walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tunauacha mbachao na msala wenyewe bado haujafumwa.

Mji huu ndio ungepaswa kuwa wa mwisho kulisahau hilo. Mwembe si mti wa asili wa kando ya Ziwa Tanganyika. Ulitoka India, ukafika pwani, kisha ukapanda bara kwa njia ya misafara iliyoanza Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliikuta bandari ya biashara iliyokwisha kukomaa, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, simulizi ya mji inasema walikutana chini ya mwembe. Mwembe ule ulikufa zamani. Miwili inayosimama leo kwenye eneo la makumbusho inasemekana ni vizazi vyake. Tunajua pia ni biashara gani iliyopita chini ya miembe ya njia ile: pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo. Kumbukumbu hiyo ni nzito na haipaswi kupunguzwa uzito. Hata hivyo kivuli ambacho Mji Mkongwe wa Ujiji unakikalia mchana, wanapopumzika wauza samaki na watoto wanapongoja embe zianguke, ni cha miti iliyopandwa na watu wasiojua nani atakuja kuikalia. Wakati huohuo, upande wa pili wa manispaa, umbali wa safari fupi ya daladala, tunakata miti ya rika la watoto na wajukuu wa hiyo ili tupate mahali pa kumwaga zege.

Kuhusu mchikichi, lipo pingamizi ambalo lina uzito wake. Tangu kampeni ya kufufua zao hili aliyoizindua Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kilipokabidhiwa kazi ya kuzalisha mbegu bora, mkulima wa Kigoma amefundishwa kwamba michikichi ya zamani, aina ya Dura yenye kokwa nene na nyama kidogo, inampotezea eneo. Tenera, iliyopatikana kwa kuzalisha Dura na Pisifera, ina kokwa jembamba na mafuta mengi zaidi. Kwa shamba la ekari kadhaa nakubali bila ubishi: ng'oa, panda upya. Lakini michikichi mitatu ya Dura nyuma ya nyumba haikuwekwa pale kushindana na shamba. Inatoa mawese ya mboga, mise ya sabuni, makuti ya kuezekea banda la kuku na fagio za mwaka mzima, na inafanya hivyo leo, wakati Tenera iliyopandwa leo itakungojesha miaka mitatu au minne. Tena mchikichi una sifa ambayo wajenzi wengi hawaijui. Mizizi yake ni kama nyuzi nyingi zinazotoka chini ya shina, na hainenepi mwaka hadi mwaka kama ya mkuyu. Haiwezi kuinua sakafu wala kupasua ukuta. Ukiwa na mti mmoja tu wa kuusogelea kwa msingi wa nyumba, mchikichi ndio.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye vile visiki. Vilima vinavyoizunguka Kigoma vilikuwa miombo, na viwanja vingi vinavyopimwa sasa vilikuwa msitu kizazi kimoja au viwili vilivyopita. Mti wa miombo ukikatwa haufi. Shina linaondoka, mizizi inabaki hai chini, na kila mvua zikianza machipukizi yanatoka, yanaliwa na moto au jembe, yanatoka tena. Tazama mninga, ambao kila mtu anaujua kwa vitanda na milango. Mche wake unaochipua kwa mbegu hupandisha kijiti kidogo wakati wa mvua. Kiangazi kinafika, kijiti kinakauka, na mpita njia anadhani umekufa. Chini ya ardhi mzizi unaendelea kunenepa. Mwaka unaofuata kijiti kinatoka tena na kukauka tena. Hali hiyo huweza kuendelea miaka saba, minane au zaidi, mpaka mzizi uwe na akiba ya kutosha, ndipo msimu mmoja kijiti kinakataa kufa na kupanda juu moja kwa moja. Kwa hiyo kile kifimbo chenye majani machache, kirefu kama goti, ambacho kijana wa panga anakifyeka bila hata kuinama vizuri, huenda ni kazi ya karibu miaka kumi iliyofanyika gizani.

Nchi hii ina ushahidi wa kutosha juu ya nguvu ya mizizi hiyo. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulirudisha uoto kwenye ardhi iliyokuwa ikiitwa jangwa, na sehemu kubwa ya mafanikio yake ilitokana na kufufua ngitili, yaani kufunga eneo na kuacha kilichomo kiote. Dodoma, taasisi ya LEAD Foundation imeeneza njia hiyo kwa jina ambalo mkulima analielewa mara moja, Kisiki Hai: chagua kisiki, punguza machipukizi ubakize machache yenye nguvu, weka alama ili asiyejua asikate, kisha linda. Hapa kwetu, kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, vilima vya vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Gombe vilikuwa vimebaki vipara kufikia miaka ya 1990, na taasisi ya Jane Goodall ikaanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994. Kazi ilianza na vitalu vya miche. Baadaye ikaonekana kwamba mahali ambapo vijiji vilitenga msitu wao na kuuacha upumue, visiki vilirudisha miti bila mtu kumwagilia ndoo moja. Goodall alifariki Oktoba 2025, na vilima hivyo ni sehemu ya alichotuachia. Ikiwa mizizi ya zamani imeshinda kwenye mlima uliochomwa moto kila mwaka, itashindwaje nyuma ya nyumba yenye ukuta na bomba la maji?

Kutokana na hilo napendekeza jambo linalowakera wenye haraka: kabla ya kubuni bustani, ngoja mvua zipite mara moja. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Juni hadi Septemba ni kiangazi. Watu wengi hununua na kufyeka kiangazini, kwa sababu magari yanapita na tofali zinakauka. Huo ndio wakati kiwanja kinaposema uongo. Miti inayopukutisha inaonekana mikavu. Maua ya vitunguu yamejificha chini. Mtopetope unaonekana fito tupu. Mnunuzi anatazama, anaona vijiti, anaamuru vichomwe. Angengoja hadi Desemba angejua ni upande gani maji hupita kwa kasi, kivuli cha mwembe huangukia wapi saa nane mchana, mti gani una ndege na upi una mchwa. Ujenzi wa nyumba wenyewe, kwa jinsi wengi wetu tunavyojenga kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana, hudumu misimu kadhaa. Muda wa kuutazama ua upo tayari. Kinachokosekana ni agizo kwa fundi kwamba asiguse mpaka aambiwe.

Mji wetu umekaa mteremkoni, na hili linalifanya suala la mti wa mtu mmoja kuwa la watu wote. Ziwa lilipopanda kuanzia mwaka 2020, maji yaliingia bandarini na kwenye makazi ya ufukweni, na anayehama ufukweni hana pa kwenda ila mlimani. Kila kiwanja kinachofyekwa chote juu kinateremsha udongo wake chini. Mvua kubwa ya Machi ikinyesha utauona barabarani, mwekundu, ukipita milango ya watu kuelekea kwenye makorongo na ziwani. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, linaweza kuonekana kubwa mno kudhurika na tope la ua mmoja, lakini samaki wake wengi wa pekee hawaishi kwenye kina hicho. Wanaishi na kuzaliana kwenye mawe ya kando, mita chache tu chini ya maji, wanakula mwani unaoota juu ya mawe hayo, na tope likiyafunika wanakosa chakula na mahali pa kutagia. Wanasayansi wamelieleza hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mti wenye mizizi iliyokwisha kutambaa unaushika udongo huo leo. Mche wa kitaluni utaushika baada ya miaka, kama utapona.

Sasa mapingamizi yanayosikika kila siku. La kwanza ni mizizi na msingi. Mizizi haitafuti msingi, inatafuta maji na hewa, na sehemu kubwa yake iko ndani ya sentimita 60 za juu za udongo. Inaingia palipo na ufa tayari, hasa kwenye karo linalovuja. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa hatari ni ya kweli zaidi, na hapo fundi mzuri atazamisha msingi zaidi au atausogeza. Wataalamu wa miti Uingereza hutumia kanuni ambayo hata mwenye futi kamba anaimudu: pima kipenyo cha shina kwenye usawa wa kifua, zidisha mara 12, na ndani ya umbali huo usichimbe wala kujaza. Mwembe wenye kipenyo cha sentimita 50 unapewa mita 6 kila upande. Nakiri kwamba kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 duara hilo linachukua zaidi ya robo ya eneo, na mti ukiwa katikati kabisa pengine nyumba na mti haviwezi kukaa pamoja. Lakini mara nyingi mti uko pembeni, na hicho kipande utakachouachia ni kile kile ambacho ungekiacha wazi kwa ajili ya kuanika nguo, kuegesha gari na kukaa na wageni. Kinachotakiwa ni kugeuza ramani ya nyumba kabla ya kuchora, kazi ya nusu saa mezani.

La pili ni nyoka. Nyoka hufuata panya na maficho, na maficho ni rundo la tofali zilizosalia, kuni, majani yasiyozolewa na kichaka kilichofungamana chini. Ondoa hayo, pogoa matawi ya chini mpaka mtu mzima apite amesimama, hakikisha hakuna tawi linalogusa paa, na utakuwa umeondoa njia ya nyoka bila kuondoa mti. Kuhusu mbu, mazalia yake ni maji yaliyotuama, na ndoo iliyosahaulika nyuma ya choo ina hatia kuliko mpera. Majani yanayojaa kwenye mifereji ya bati ni kero ya kweli, nayo hutatuliwa kwa ufagio na ngazi mara mbili kwa mwaka. Anayeichoka kero hiyo akumbuke chumba chake kilivyo saa tisa alasiri mwezi Septemba, chini ya bati lisilo na kivuli.

Hata hivyo kuna wanaoamua kuuhifadhi mti kisha wakauua bila kujua, na hili linahitaji kutazamwa kwa karibu. Mwenye nyumba anataka ua ulio sawa. Linaletwa lori la kifusi, kinamwagwa sentimita 40 kuzunguka mwembe, kinashindiliwa, juu yake zinalazwa pevingi mpaka kwenye shina, na mwishoni shina linapakwa chokaa lipendeze. Mwaka wa kwanza hakuna kinachoonekana. Wa pili, majani ya kileleni yanakuwa madogo na ya rangi hafifu. Kisha vijitawi vya juu vinakauka, na msimu mmoja mti unatoa maua mengi kuliko kawaida, jambo ambalo wenye nyumba hulifurahia, kumbe ni mti unaotapatapa. Mwaka wa nne au wa tano umekauka, na majirani wanasema umezeeka au kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Mizizi ilikosa hewa siku lile lori lilipomwaga. Dawa ilikuwa rahisi: uache usawa wa ardhi kama ulivyokuwa, ile sehemu shina linapotanuka kuingia ardhini ionekane wazi, simenti ichanganyiwe mbali, na badala ya pevingi yawekwe matandazo ya majani chini ya kivuli chote. Na anayelalamika kwamba embe za mti wake ni chachu au zina nyuzi, asikate. Mwembe wa kienyeji hukubali kukatwa matawi na kubebeshwa vikonyo vya aina anayoitaka, ukazaa embe mpya kwa mizizi ya zamani.

Simtetei kila mmea. Mti uliooza ndani ya shina na kuinamia chumba cha watoto ukatwe leo. Mkaratusi uliopandwa mita mbili kutoka kisimani sina neno la kuusemea. Mimea midogo, asumini, mchaichai, machipukizi ya migomba, maua ya karatasi, huhamishika au hukatwa vipando vikaota kwingine, kwa hiyo haihitaji kuzuia ujenzi. Inahitaji tu mtu wa kuiondoa kabla ya katapila kuingia, ikiwezekana mvua zikiwa zimeanza.

Sheria yenyewe inajua thamani ninayoisema. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inapoeleza maendelezo ambayo mwenye ardhi anapaswa kufidiwa, inataja miti. Serikali ikichukua eneo kwa ajili ya barabara au reli, mthamini huja na daftari na kuhesabu: miembe kadhaa, michikichi kadhaa, na kila shina lina bei yake. Reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, inakuja na daftari hizo, na itakuja pia na wanunuzi wa viwanja wengi kuliko tuliowazoea, katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967. Mwembe ambao mtu angeudaia fidia mbele ya mthamini, anamlipa kijana aukate wiki anayonunua kiwanja.

Manispaa ya Kigoma/Ujiji inaweza kuanza na hatua ndogo isiyohitaji bajeti. Anayeomba kibali cha ujenzi tayari anawasilisha mchoro wa kiwanja unaoonyesha nyumba, choo, karo na mpaka. Aongeze alama ya kila mti aliokuta wenye shina nene kuliko paja la mtu mzima, na duara la kivuli chake, na aandike pembeni upi unabaki, upi unaondoka na kwa sababu gani. Ofisa hahitaji kumzuia mtu. Mwombaji mwenyewe, akishika penseli na kulizungusha duara lile, atakuwa ameutazama mti kwa mara ya kwanza.